Nyumba ya Mkuza ilikosa mpangaji miezi minne, kumbe masharti niliyaandika mimi dalali

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, kuandika ndiyo naogopa. Shule yangu iliishia la saba, na nikiandika kirefu napotea njia. Lakini hili limenikaa kifuani tangu masika, nimeona bora niliseme wakati bado nalikumbuka vizuri.

Nitasema kilichotokea, siongezi chumvi. Nina tabia ya kuandika kwenye daftari kila siku kabla sijaanza kupika, mistari mitatu minne tu, kwa hiyo mengi ya hapa yametoka humo. Pale nisipokuwa na uhakika nitawaambia sina uhakika. Majina nimebadilisha.

Kazi yangu ni udalali wa nyumba za kupanga, Kibaha. Mkuza, Tumbi, mpaka huku Mailimoja.

Ndiyo, mwanamke dalali. Tupo.

Ofisi sina. Ofisi ni simu. Naenda kupiga picha nyumba, naweka kwenye status, kwenye magrupu ya WhatsApp na kule Facebook, watu wananipigia.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu ili mnielewe mbele.

Tangazo la nyumba lina sehemu mbili. Juu ni nyumba yenyewe: vyumba vingapi, maji, umeme, barabara. Chini ni MASHARTI. Nilipoanza kazi sikujua kuandika tangazo, nikachukua la dalali mmoja mzoefu wa upande wa Mbezi, nikabadilisha picha na eneo. Huko chini nikaacha kama lilivyo. Lilikuwa hivi:

"MASHARTI: Wafanyakazi wa ofisini tu. Watoto mwisho mmoja. Mwanamke asiye na mume HAPANA. Wafugaji na jamii zao HAPANA. Kama huna vigezo usipige simu."

Hilo hilo nikalitumia kwa nyumba inayofuata. Na inayofuata. Karibu miaka mitatu. Nyumba zinabadilika juu, chini hapabadiliki.

Mtauliza, ulikuwa hulisomi? Nilikuwa nalisoma. Niliona linapendeza. Niliona masharti mengi yanaipa nyumba hadhi, kwamba hii siyo nyumba ya kuingia kila mtu. Nawaambia kama lilivyo, sitaki kujisafisha.

Na mimi mwenyewe sina mume. Nina binti mmoja nalea peke yangu. Hilo halikunijia kichwani hata siku moja.

Basi. Mwishoni mwa mwaka jana nikapata nyumba ya bibi mmoja anayeishi Kisarawe, nimwite Bi Mwanahawa. Mumewe alijenga Mkuza zamani, walikaa wote pale, mzee akafariki mle ndani. Baada ya eda bibi akarudi kwao Kisarawe kwenye mihogo na mikorosho yake. Nyumba ikabaki.

Nyumba nzuri wakuu. Vyumba viwili, sebule, choo cha ndani, geti la kijani, na mstafeli mkubwa karibu na mlango wa jikoni. Nikaipiga picha, nikapost.

Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wachache waliopiga niliwauliza maswali, nikaona hawana vigezo, nikawaacha. Wa tatu hivyo hivyo.

Nyumba isiyokaliwa inakufa haraka. Nilipita siku moja nikakuta mchwa wamepanda kwenye fremu ya mlango, bati moja limeanza kuvuja. Nikaandika kwenye daftari: "Ile nyumba ina nini?"

Kumbe Bi Mwanahawa naye alikuwa anajiuliza hivyo hivyo.

Mwezi wa nne, siku ya Jumanne, akanipigia. Kwanza alizungukazunguka, akaniuliza mvua, akamuulizia binti yangu. Halafu sauti ikashuka.

"Mama Rehema, niambie kweli, usinifiche. Watu wanaiogopa nyumba kwa sababu Mzee alifia mle?"

"Hapana bibi. Soko tu gumu."

"Maana nyumba za jirani zinapata watu. Mwanangu Shomari kaniambia. Yangu tu. Nimefikiri labda Mzee hajaridhika na kitu. Labda nilimkosea mwishoni, sijui. Nataka niite watu wasome dua pale."

Nikamwambia asome dua kama anapenda, haina ubaya, lakini asiumie. Soko gumu.

Nilisema soko gumu mara mbili. Nimeliandika kwenye daftari, mara mbili.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, mchana, ikaingia namba ngeni. Sauti ya binti.

"Dada, habari. Nimeona nyumba ya Mkuza, ile ya geti la kijani. Bado ipo?"

"Ipo. Unafanya kazi wapi?"

"Ofisini sifanyi, nauza maziwa. Niko huku ndani, mbele ya Soga. Namtafutia mama. Amefanyiwa upasuaji wa mguu, kidonda kinatakiwa kusafishwa pale hospitali ya Tumbi, siku moja ndiyo siku moja hapana."

"Nyie ni wafugaji?"



"Ndiyo."

"Soma tangazo vizuri dada yangu. Huko chini."

Nikakata. Sikumtukana, lakini sikumsubiri amalize. Sijui kama kuna tofauti kubwa.

Baada ya dakika chache ikaingia voice note. Jina lake nitasema ni Nashipai. Nimeisikiliza mara nyingi sana, nadhani naikumbuka yote:

"Dada, nimesoma vizuri. Sijakasirika, usinibloku. Nataka kuuliza tu. Ng'ombe ni wa baba, wako huku porini na baba. Mama anakuja na mguu wake na sufuria. Sasa mama akishafika Mkuza bila ng'ombe, bado ni mfugaji? Atafuga nini sebuleni, panya? Haya. Ukipata hata chumba kimoja kwa mtu asiye na sharti hilo, nakuomba unikumbuke. Hapa ni pa nne wanatukatalia. Bodaboda inamtonesha. Jana damu imefika mpaka kwenye kiti cha pikipiki, na daktari ametuambia tukiendelea hivi mguu hautapona."

Pale kwenye panya alicheka. Kwenye mguu hakucheka.

Wakuu, nilikaa na simu mkononi. Nikajitetea kwanza. Nikasema masharti siyo yangu, ni ya mwenye nyumba, mimi naandika ninachoambiwa. Halafu nikaona hapana, ngoja nimpigie Bi Mwanahawa nimwombee huyu binti, labda bibi atalegeza hili moja.

Lakini nikataka kwanza nijue bibi alikuwa na sababu gani ya kukataa wafugaji, ili nisimuudhi. Labda alinieleza nikasahau. Nikatoa daftari la mwaka jana, nikatafuta siku niliyokwenda kwake.

Nanukuu kama nilivyoandika:

"Leo Kisarawe kwa Bi Mwanahawa. Kanipa ugali wa muhogo na kisamvu. Nimemuuliza anataka mpangaji wa namna gani. Kasema mtu yeyote, mradi taa iwake mle ndani. Sharti lake moja, mstafeli wa marehemu usikatwe. Miguu inauma."

Nikafungua ukurasa wa pili. Wa tatu. Nikafungua na siku ya kupost tangazo. Hakuna wafugaji. Hakuna ofisini. Hakuna watoto. Hakuna mwanamke asiye na mume.

Bibi wa watu hakusema hata moja.

Na lile moja alilosema, la mstafeli, halikuwemo kwenye tangazo.

Usiku ule sikula, na sisemi hivyo ili mnionee huruma. Niliwaza miezi minne yule bibi anamlaumu marehemu mumewe, na anajilaumu yeye, kwa kitu nilichobandika mimi. Nikafikiria kumpigia, nikaona hapana, hili la simu siyo. Jumamosi nikafunga safari.

Kisarawe nilifika karibu saa tano. Nilimkuta Bi Mwanahawa uani anamenya mihogo, na mwanawe mkubwa, Shomari, anafunga waya kwenye banda la kuku. Nikampa shikamoo bibi, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na kisu. Pale kwake huongei mikono mitupu, unamenya huku unaongea.

Nikamwambia, bibi nimekuja kukiri kosa.

"Umeuza nyumba yangu?"

"Hapana bibi."

"Basi menya."

Nikatoa simu, nikamwambia hili ndilo tangazo la nyumba yako, hujawahi kuliona kwa sababu simu yako ni ya tochi. Nikalisoma lote kwa sauti. Juu mpaka chini. 

Bibi aliacha kumenya.

"Hayo kasema nani?"

"Nimeandika mimi. Niliyachukua kwa dalali mwingine. Hukusema wewe."

"Rudia pale pa mwanamke."

"Mwanamke asiye na mume hapana."

"Mume wangu mimi yuko wapi?"

Nikarudi kumenya muhogo.

"Kwa hiyo hata mimi nyumba yangu mwenyewe nisingepanga." Akanigeukia vizuri. "Na wewe mumeo yuko wapi?"

"Sina, bibi."

"Haya! Tuko wawili nje ya geti."

Shomari alicheka mpaka koleo ikamponyoka. Mimi sikujua nicheke au nilie. Bibi hakucheka bado, alikuwa na hoja.

"Na mstafeli mbona hukuuandika?"

"Nilisahau, bibi."

"Nimekupa neno moja tu ulibebe mpaka Kibaha. Moja! Umelidondosha njiani, ukaokota ya watu."

Kweli kabisa. 

 Bibi akafuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole. Akasema, siyo kwangu, kama anaongea na mtu mwingine:

"Kumbe siyo Mzee."

Akarudia. "Kumbe siyo Mzee wangu. Miezi minne namsema vibaya moyoni, na yeye wala hayumo."

Hapo ndipo alicheka, wakuu. Akacheka na machozi yanamtoka, anajipiga mapaja. Nilikwenda kule nikitegemea kufukuzwa. Badala yake nilimwona mtu ametuliwa mzigo mbele ya macho yangu, mzigo niliombebesha mimi, na hakunitukana hata neno moja. Nashukuru mpaka leo. Angenitukana ningesema haki yake.

Nikamweleza habari ya Nashipai na mama yake. Nikamwekea ile voice note. Kwenye panya bibi akasema, "Huyu ana akili."

Lakini lazima niseme na upande wa Shomari, maana nisipousema nitakuwa namwonea. Shomari hakukubali moja kwa moja.

"Mama, mimi sina neno na mtu. Ila wale ukimpangisha mmoja wanakuja kumi. Na pale tanki ni moja, mimi ndiye ninayelitengeneza."

"Na arobaini ya baba yako walilala Wazaramo wangapi nyumba ile? Ulihesabu?"

"Wale ndugu zetu, mama."

"Na hao ni ndugu wa mwenzio."

Shomari akajikuna kichwa. Siyo mtu mbaya, wakuu. Ni mtu anayewaza tanki. Akafikiri, akaniambia neno ambalo nililiandika pale pale kwenye mkono kwa kalamu:

"Basi Mama Rehema, andika tanki. Sema tanki ni dogo, wakaaji wasizidi watano. Awe mfugaji, awe mwalimu, awe mjomba wangu. Watano."

Mimi miaka mitatu sikuliona hilo. Kama shida ni maji, andika maji. Usiandike watu.

Bibi akasema mpigie huyo binti hapa hapa. Nikapiga, nikaweka spika.

"Mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo kidogo bibi. Mguu tu."

"Anakula mastafeli?"

 Nadhani Nashipai alifikiri ni mtego.

"Bibi, sijui kama amewahi kuyaona."

"Atayaona. Sikiliza, ukikata ule mti nakuja na mguu wangu kutoka Kisarawe kukutoa. Usipoukata kaa mpaka uzeeke. Mko wangapi?"

"Mimi na mama tu. Baba atakuwa anakuja kumsalimia."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hawajui njia ya Mkuza, bibi."

Bibi akaniangalia akasema huyu mlete kesho.

Jumapili walihamia. Nilikwenda kuwapokea na funguo. Niliona aibu kumtazama Nashipai usoni. Nikamwambia dada, naomba radhi, nilikukatia simu. Akasema, "Wewe ulikata ukarudi. Wale watatu walikata wakabloku." Halafu akaniomba nimsaidie kumshusha mama.

Mama yake Kiswahili anaongea kidogo. Alisimama pale getini kwa mguu mmoja, ameshika bega langu, akatazama nyumba, akatazama mstafeli. Akasema "Asante" akarudia mara sijui ngapi. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema, wakuu. 

Sasa anakwenda Tumbi kwa bajaji, mwendo mfupi, barabara nzuri. Mwezi uliopita Nashipai alinitumia video mama anatembea uani bila gongo. Daktari amesema kidonda kimefunga.

Na mimi? Nilikaa na orodha yangu ya nyumba, nikawapigia wenye nyumba mmoja mmoja. Nikawasomea masharti, nikauliza: haya ni ya kwako?

Wengi walishangaa. Baba mmoja wa Tumbi aliniambia, "Nilidhani ndiyo sheria ya madalali." Yeye alikuwa anaona tangazo langu anafikiri mimi ndiye ninayetaka hivyo, mimi nafikiri yeye ndiye anayetaka hivyo, na mpangaji anafikiri sisi wote ndiyo tunataka hivyo.

Wachache walisema ndiyo, ni yao. Mama mmoja alisema hataki watoto kwa sababu ana kisima kisicho na mfuniko uani. Nikamwambia mama, tuandike kisima kiko wazi, mwenye watoto aamue mwenyewe. Akaona bora aweke mfuniko.

Na mmoja aligoma. Aliniambia kabila fulani hataki, na niandike. Alinieleza sababu zake, kuna mpangaji aliwahi kumwibia, na ninaamini kweli aliibiwa. Nikamwambia pole, lakini aliyekuibia ni mtu mmoja, siwezi kuandika hilo kwa jina la watu wote. Akachukua nyumba akampa dalali mwingine. Ni haki yake kuchagua dalali. Sheria zote mimi sizijui, mwenye kuzijua humu anisahihishe, ila najua Katiba inasema watu wote ni sawa, na nisingeweza kumtazama yule mama wa mguu nikiwa nimeandika vile.

Kuna jingine nimeligundua baadaye. Kule Facebook ukilipia tangazo lisambae, unaulizwa nani alione, umri gani, mwanamke au mwanaume, anapenda nini. Nilikuwa nabonyeza wanaume, vijana, mjini. Sikuandika "hapana" popote, lakini wengine hawakuliona hata hilo tangazo. Angalau Nashipai alisoma akaweza kuniuliza. Aliyefichwa atauliza nini? Siku hizi naacha wazi, nachagua eneo tu.

Nimerudi kuongeza hili: naona mdau wa kwanza hapo chini ameshauliza kama biashara haijashuka. Mkuu, sina jibu la uhakika. Simu zinaingia nyingi kuliko zamani, na maneno ni mengi pia. Siku nyingine nawaza labda najidanganya kwamba nimebadilika. Ila kabla ya kupost sasa nafungua daftari, naangalia mwenye nyumba alisema nini kwa mdomo wake.

Nilichojifunza ni hicho tu. Andika nyumba, usiandike watu. Na neno ulilotumwa lifikishe hilo hilo.

Nina shukrani kwa watatu. Bi Mwanahawa ambaye hakunifukuza. Shomari na tanki lake. Na Nashipai aliyeniuliza swali badala ya kunitukana.

Waliopiga simu nikawakatia nawakumbuka wachache. Waliosoma wakapita kimya kimya siwajui kabisa, na miaka mitatu ni mingi. Kama wewe ni mmoja wao, uliona tangazo la geti la kijani au jingine la Kibaha ukajikuta umeandikwa "hapana" huko chini, ni mimi. Naomba unisamehe. Niandikie hapa, nitasoma zote, hata za matusi.

Wiki iliyopita mstafeli ulizaa. Nashipai alifunga tunda la kwanza kwenye khanga, nikalipeleka Kisarawe kwa mkono wangu, sikulidondosha. Bibi alilinusa kwanza, hakulikata. Alisema linanukia kama uani kwake Mkuza. Akaniuliza kama taa inawaka jioni. Nikamwambia inawaka, bibi.

Tangazo jipya la nyumba ile nililiandika Jumamosi ile nikiwa njiani narudi. Halikuwahi kupostiwa, kwa sababu kesho yake ilikuwa na watu. Ndilo tangazo langu la kwanza nililoandika mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo nawawekea hapa mnisahihishe:

"Nyumba inapangishwa, Mkuza, Kibaha. Vyumba viwili, sebule, choo ndani. Umeme upo. Maji yapo, tanki ni dogo, linatosha watu watano. Karibu mtu yeyote. Sharti la mwenye nyumba ni moja: mstafeli wa marehemu usikatwe."